Hitilafu ni ya Nani na Nani?

Neno hitilafu lina watu wawili ndani yake. Ukisikia kwamba mzee fulani na jirani yake wamehitilafiana, hujui bado nani mwenye haki, ila unajua kwamba wapo wawili, kila mmoja na lake, na kwamba zamani walielewana. Ndivyo neno lilivyotufikia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya kutofautiana, na ndivyo lilivyokaa katika Kiswahili: hitilafu ya maoni, hitilafu ya kauli za mashahidi, hitilafu kati ya nakala mbili za utenzi mmoja. Baadaye likaingia kwenye mitambo. Magazeti yakazoea kuandika kwamba chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme, na mhusika wa pili akaanza kufifia. Msomaji hakuambiwa tena kwamba palikuwa na waya mwembamba uliobebeshwa mzigo usioumudu. Alibaki na neno moja lililofunika yote.

Leo neno hilo liko kwenye skrini za simu na kompyuta zetu, nalo limeachwa peke yake kabisa: Hitilafu imetokea, jaribu tena. Nalipenda neno hili, ndiyo maana naumia kuliona likitumiwa hivyo. Kwa mtu ambaye kompyuta yake ya mezani imeanza vituko siku moja baada ya mfumo endeshi kusasishwa, hakuna neno katika lugha yetu linaloeleza masaibu yake kwa usahihi kuliko hitilafu, mradi aliyeliandika akumbuke kuwataja wale wawili.

Chukua printa. Jana jioni ilichapa. Usiku mfumo ukajisasisha, asubuhi printa haitambuliki. Ukiikagua, haina kilichovunjika. Ukiukagua mfumo, nao ni mzima, pengine mzima kuliko jana. Kati yao kuna programu ndogo inayoitwa kiendeshi, iliyoandikwa kwa kufuata kanuni za mfumo jinsi ulivyokuwa siku kilipotengenezwa. Mfumo umebadilisha kanuni, kiendeshi kimebaki na zile za zamani. Kila upande unatimiza wajibu wake kama unavyoujua, na kazi haiendi.

Mwezi Machi 2021 dunia nzima iliona mfano wa jambo hili. Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10, na katika ofisi nyingi mtu alipotuma waraka kwenye baadhi ya printa, zikiwamo za Kyocera, Ricoh na Zebra, kompyuta ilianguka hapohapo na kuonyesha skrini ya buluu. Haikuwa printa zote wala kompyuta zote. Ilikuwa pale tu sasisho lilipokutana na kiendeshi cha aina fulani. Siku chache baadaye kampuni ikatoa sasisho jingine la kurekebisha lile la kwanza.

Mfano wa pili hautokani na Windows yenyewe, lakini unaonyesha maana ya neno letu waziwazi zaidi. Tarehe 19 Julai 2024, programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipokea faili mpya ya maelekezo. Programu hiyo hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kwa hiyo ilipoanguka iliangusha kompyuta nzima. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 zilizoathirika. Ndege nyingi hazikuruka, hospitali kadhaa ziliahirisha huduma, baadhi ya benki zilisimama. Kampuni ilipochapisha maelezo ya chanzo, kiini cha maafa kilikuwa tofauti ya hesabu: maelekezo mapya yalitarajia taarifa katika nafasi 21, na programu ilikuwa ikileta 20. Ilipokwenda kutafuta ya 21 ikasoma sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Ishirini upande huu, ishirini na moja upande ule. Hiyo ni hitilafu kwa maana ambayo hata wahenga wetu waliolinganisha nakala za tenzi wangeitambua mara moja.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu jina la tatizo ndilo linaloamua dawa. Mtu akiamini kwamba kompyuta yake ni mbovu, ataipeleka kwa fundi na kusema ni mbovu, na katika miji yetu dawa ya kompyuta mbovu inajulikana: kupiga Windows. Neno hilo la mtaani ni zuri, lina nguvu ya mkono na kishindo cha nyundo, na watu wa Dar es Salaam wamelizoea kuliko kusakinisha. Lakini kupiga Windows upya mara nyingi ni kufuta diski, na pamoja nayo programu zilizonunuliwa, mipangilio ya ofisi, na wakati mwingine picha na nyaraka ambazo mwenyewe hakukumbuka kuzihamisha. Kisha, kama toleo lililopigwa ni lile jipya na kiendeshi ni kilekile cha zamani, printa itaendelea kutotambulika. Mwenye mali amelipa, amepoteza, na wale wawili hawajapatanishwa.

Ni haki kusema kwamba mafundi wenyewe wanajua zaidi ya hapo. Simama kwenye kibanda cha fundi Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kule Nairobi, usikilize maswali anayomuuliza mteja. Fundi hasemi hitilafu. Anauliza: haiwaki kabisa? Inawaka ila haileti picha? Inaleta picha ila inaishia kwenye nembo? Inaingia ila inaganda? Inaingia vizuri ila haisomi printa?

Kila swali hapo lina mahali pake ndani ya sanduku la kompyuta. Haiwaki ni habari ya umeme, waya na kifaa cha kugawa umeme. Inawaka bila picha ni kumbukumbu isiyokaa sawa, kadi ya picha au waya wa skrini. Inaishia kwenye nembo ni mfumo endeshi uliokwama mlangoni, na hapa ndipo masasisho mengi yaliyokwenda vibaya hudondokea. Inaingia ila inaganda, inaingia ila haisomi, ni viendeshi na programu. Kwa hatua tano za maneno ya kila siku, bila hata moja lililotungwa na kamati, fundi ameshatenga kinachohitaji bisibisi na kinachohitaji faili. Sijaona mwongozo wa kompyuta ulioandikwa kwa Kiswahili wenye mpangilio safi kama huo.

Tena tazama jinsi vitenzi vyenyewe vinavyotofautiana. Imeganda si imekwama. Damu huganda, maziwa huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi: kitu kizima kimeshikana na hakuna kinachotembea ndani yake. Kompyuta iliyoganda haipokei hata mshale wa kipanya. Iliyokwama ni nyingine: kile kiduara kinaendelea kuzunguka, taa ya diski inapepesa, kazi inafanyika lakini haisongi mbele, kama gari lililo matopeni na magurudumu yanazunguka. Tofauti hii ina faida kubwa wakati wa kusasisha. Kompyuta iliyokwama kwenye asilimia fulani huenda bado inaandika faili, na kuizima ni kuiharibu. Iliyoganda kwa saa kadhaa, taa ya diski ikiwa haipepesi kabisa, haina budi kuzimwa. Watu wanaotumia maneno haya mawili kama kitu kimoja hupoteza taarifa ambayo lugha imekwisha kuwapa bure.

Halafu kuna imegoma. Mfanyakazi anayegoma ana uwezo wa kufanya kazi, lakini kuna jambo halijakubaliwa. Kompyuta inayokataa kupandishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 imegoma kwa maana hiyohiyo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM, toleo la 2.0, na orodha ya vichakato vinavyokubalika. Kompyuta nyingi za mezani zilizofika kwetu zikiwa zimetumika Ulaya haziko kwenye orodha hiyo. Ni nzima, zinafanya kazi, sharti halijatimizwa. Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mgomo huo umekuwa mzito kwa shule na ofisi ndogo zenye mashine za aina hiyo.

Lakini hazina yetu kubwa kuliko zote katika eneo hili, kwa maoni yangu, ni kurudufu kitenzi. Mafundi wa lugha zote wanajua kwamba tatizo gumu kuliko mengine ni lile linalokuja na kuondoka: ukimletea fundi, halionekani, ukirudi nyumbani, lipo. Kiswahili kina umbo kamili la tatizo hilo. Inazimazima. Inagandaganda. Sauti inakatakata. Skrini inachezacheza. Hakuna haja ya kuongeza mara kwa mara wala bila mpangilio. Kitenzi chenyewe kinasema kwamba jambo linatokea vipande vipande, si zito kila mara, wala halifuati saa. Fundi anayesikia inazimazima anajua aanze na joto, kumbukumbu na umeme. Akisikia imejizima anajua ni tukio moja, aulize lilitokea lini na ni nini kilikuwa kimewekwa muda mfupi kabla. Fomu za kupokea malalamiko za taasisi zetu zimejaa visanduku vya kuweka tiki, na sijaona hata kimoja kinachompa mteja nafasi ya kusema inagandaganda. Anaandika kompyuta ina tatizo, na umbo lile lote la kitenzi linabaki mdomoni mwake.

Upande wa maneno yaliyotungwa nao una mambo ya kusifiwa. Kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili ilipata msukumo mkubwa mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Baada ya hapo yakaja matoleo ya kampuni kubwa, na maneno kadhaa yakaenea bila shuruti. Sasisha ni mojawapo. Limejengwa kwa sasa na kiambishi cha kusababisha, na lina uwazi ambao mtoto wa darasa la tatu anaukamata: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Mpinzani wake alikuwa kuhuisha, neno lenye heshima zaidi na umri mrefu zaidi, lenye maana ya kutia uhai. Wapo wanaolitumia hadi leo katika taarifa za ofisi: daftari limehuishwa, takwimu zimehuishwa. Mimi niko upande wa sasisha, kwa sababu mbili. Kwanza, kuhuisha kunaahidi mno. Kwa Waislamu ni kazi ya Mungu, na mwenzake ni kufisha, ilhali sasisho linaahidi tu kwamba kitu kitakuwa cha leo, na mara nyingine leo ni mbaya kuliko jana. Pili, kwenye skrini ndogo isiyo na muktadha, huisha linaweza kusomeka kuwa kitu fulani kwa kawaida hufika mwisho.

Lalamiko langu kuhusu sasisha si neno lenyewe, ni jinsi linavyobebeshwa mambo matatu tofauti. Kuna viraka vidogo vya kila mwezi. Kuna kupandisha toleo, kama kutoka Windows 10 kwenda 11, ambako mfumo karibu wote hubadilishwa. Na kuna kubadilisha kiendeshi kimoja peke yake. Yote skrini inayaita sasisho, na mtumiaji anabonyeza kitufe kilekile kwa jambo la dakika tano na kwa jambo la saa mbili linaloweza kubadilisha tabia ya mashine yake.

Kiraka kinastahili kupewa kazi rasmi hapo. Wahandisi wa zamani walitumia viraka halisi: programu zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tundu lililotobolewa kimakosa lilizibwa kwa kubandikwa kipande cha karatasi. Sisi tuna kiraka cha kanzu, viraka vya barabara, na hata mchezaji kiraka, yule ambaye kocha humpanga popote penye pengo. Neno hili linabeba ukweli ambao sasisho linauficha, yaani kwamba palikuwa na tundu. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003, na kwa kuwa hutolewa saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, Afrika Mashariki huvipata saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira. Ndiyo maana ofisi zetu hukutana na matokeo yake Jumatano asubuhi. Mtu wa TEHAMA anayejua kalenda hiyo, akisikia simu ya kwanza Jumatano, anajua aulize nini.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo halimo katika hitilafu hata kidogo, nalo ni umeme kukatika. Kompyuta ya mezani haina betri. Maandishi yanasema usizime kompyuta yako, na anayeambiwa hivyo siye anayeshika swichi ya gridi. Umeme ukiondoka wakati faili za mfumo zinaandikwa, kinachobaki ni mfumo nusu wa zamani, nusu mpya. Hapa hakuna wawili waliotofautiana. Kuna kazi iliyoachwa njiani. Napendekeza tutenganishe usasishaji uliokatika na usasishaji uliokataa. Uliokatika hutibiwa kwa kukarabati faili au kurudia kazi kuanzia mwanzo, na kinga yake ni kifaa cha kuhifadhi umeme kinachoipa mashine dakika za kumaliza. Uliokataa hutibiwa kwa kutafuta ni nani aliyekataa, na njia ya kawaida ni kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambapo mfumo huita viendeshi vichache tu vya lazima. Ikitulia humo, mkorofi ni mmojawapo wa wale walioachwa nje. Ndivyo zilivyoponywa mashine nyingi zile za Julai 2024: ziliwashwa katika hali salama, faili moja ikafutwa kwa mkono, kompyuta baada ya kompyuta.

Sasa, ukishindwa kupatanisha, unarudi ulikotoka. Kitendo hiki bado hakina neno lililokubalika, na maandishi ya skrini huzunguka kwa maneno mengi: kurejesha toleo la awali, kurudi kwenye hali iliyotangulia. Ajabu ni kwamba Kiswahili ni hodari mno katika kugeuza tendo. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Hata sanidi, ambalo kwa mwisho wake wa i linajitambulisha kuwa si la Kibantu, lilipohitaji kinyume lilipokea kiambishi chetu bila ubishi likazaa sanidua. Kwa kufuta herufi uliyoandika sasa hivi tuna tendua, na linafaa. Lakini kurudisha mfumo mzima ni zaidi ya kutendua. Ni kubatilisha hali iliyokwisha kusimikwa.

Neno lipo, na redio hulisema kila wiki. Ni kutengua. Hukumu hutenguliwa, udhu hutenguka, na Watanzania wote wanajua maana ya uteuzi kutenguliwa: aliyekuwa madarakani jana hayupo leo, na mambo yanarudi yalivyokuwa kabla ya barua ile. Kutengua sasisho kunabeba maana hiyo yote, pamoja na uzito wake wa kisheria, kwamba hatua hii ina muda wake. Katika Windows, baada ya kupandisha toleo, mfumo wa zamani huwekwa pembeni kwenye folda yake kwa siku 10 kwa kawaida. Muda huo ukipita unafutwa, na haki ya kutengua inakwisha. Mwaka 2018 waliosasisha mapema toleo la Oktoba la Windows 10 walijifunza pia mpaka wa kutengua: baadhi yao walikuta nyaraka zao zimefutwa, Microsoft ikalisimamisha toleo hilo na kulitoa tena Novemba, lakini kuurudisha mfumo hakukurudisha nyaraka. Nakala iliyohifadhiwa nje ya kompyuta haitegemei kutengua.

Nimalize na lile la wale wawili. Viongozi wa serikali ya Tanzania, wanapozungumzia kompyuta za idara mbalimbali zisizobadilishana taarifa, husema mifumo isomane. Sijui istilahi ya TEHAMA iliyo bora kuliko hiyo katika Kiswahili cha leo. Imetumia kitenzi cha darasa la kwanza na kiambishi cha kutendeana, ikapata wazo ambalo wataalamu hulieleza kwa maneno marefu. Mafundi nao walikuwa nalo tangu zamani, katika swali lao la mwisho: haisomi printa? Kusomana ndiko kinyume halisi cha kuhitilafiana, na yote mawili yana ile -ana inayodai watu wawili.

Kwa hiyo wafasiri wa mifumo endeshi wakiniuliza waandike nini pale kompyuta inapozinduka baada ya kusasishwa na printa ikawa haipo, ningewapa maandishi haya, ambayo hayazidi nafasi ya kile kisanduku cha sasa: Toleo jipya la mfumo na kiendeshi cha printa yako havisomani. Tafuta kiendeshi kipya kwa mtengenezaji wa printa, au tengua sasisho ndani ya siku 10.